Baraza Tumeligeuza Fremu

Sisi wapangaji wa nyumba hii tuna neno, na tunalisema tukiwa wima kwa sababu pa kukaa hapana. Nyumba yenyewe iko Temeke, ni ya zile za zamani: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani, na mbele palikuwa na baraza la saruji lililong'aa kwa makalio ya watu. Ukitoka kazini jioni unalikuta limejaa. Upande huu drafti ya vizibo vya soda, upande ule muuza kahawa na kashata zake, na pale katikati mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kubishia chochote kitakachosemwa. Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake wakagawana vyumba, kisha wakalitazama na lile baraza, wakaona linakaa bure. Sasa ni fremu mbili, moja wakala wa pesa za simu, ya pili saluni. Mlango wa kuingilia ndani umebaki uchochoro. Ukitoka na godoro, anayeingia arudi nyuma.

Hatuwalaumu. Fremu inalipiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, baraza lilikuwa linalipwa kwa maneno. Lakini hebu piteni nyumba kwa nyumba kuanzia hapa mpaka Tandika, mtuonyeshe baraza lililobaki na watu juu yake. Kariakoo ndiyo usiseme. Nyumba za Kiswahili zimebomolewa, yamepanda maghorofa ambayo hata kwenye ngazi kuna mtu kapanga soksi. Mwaka 2025 ikazinduliwa na biashara ya saa 24 pale pale Kariakoo. Wapo waliopata ugali wao kwenye usiku ule, na hatuwezi kuwatolea maneno. Ila usiku ndio ulikuwa mali yetu ya mwisho isiyokuwa na bei.

Muulize yeyote kati yetu kwa nini hajaenda Korogwe kumsalimia mama yake mwaka wa pili huu. Atakujibu: najipanga. Kuoa, najipanga. Kuwapeleka watoto Coco Beach Jumapili moja wakale mihogo na pilipili, jambo la nauli na elfu chache, najipanga. Tumelipenda neno hili kwa kuwa halimwaibishi mtu. Anayejipanga si mvivu wala si fukara, ni mtu ambaye mambo yake yanakuja. Na mwenye kuuliza naye haulizi zaidi, maana na yeye anajipanga.

Habari ya kujenga inataka kusemwa taratibu, kwa sababu ndiko miaka yetu ilikokwenda. Unanunua kiwanja Chanika, ishirini kwa ishirini, mnaandikishana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, unarudi nyumbani umevimba kichwa. Mwaka unapita. Unamwaga lori moja la mchanga, mvua inachukua nusu, jirani anachukua nusu ya iliyobaki. Unafyatua tofali kwa mifuko ya saruji mitano mitano, kila ukipokea. Unapiga msingi. Unapandisha boma. Unafika kwenye linta, hapo mkeo anaanza kuamini. Kisha kupaua, na kupaua ndiko kunakoua watu, maana mbao na bati hazinunuliwi kidogo kidogo kama tofali. Boma linasimama wazi miaka mitatu, sebuleni kumeota mpapai, na mpapai unazaa.

Mwenzetu wa chumba cha pili kushoto alichimba msingi mkewe akiwa mjamzito. Kahamia mwaka jana, madirisha mengine bado yana maturubai, na mtoto yule yuko kidato cha kwanza shule ya bweni. Chumba cha mtoto kipo, kimewekwa mifuko ya saruji. Miaka yote hiyo Jumapili zake alizimalizia kiwanjani akimsimamia fundi, kwa sababu fundi asiposimamiwa saruji hutembea. Sasa anaamka saa kumi alfajiri awahi gari la mjini, anarudi saa nne usiku. Nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na mitatu anaiona kwa taa. Tulimwuliza kama anajuta. Akasema hajuti hata chembe, kodi ilikuwa inamnyima usingizi kuliko gari la alfajiri. Tukamwamini, na bado tukamwonea huruma.

Kinamama wao wana kalenda nyingine kabisa. Siku hazina tena majina ya kawaida, zina majina ya madeni: leo mchezo, kesho kikoba, keshokutwa rejesho. La rejesho ndilo linalotisha. Mikopo ile inaitwa kausha damu na jina limeitosha. Unachukua laki mbili ukuze biashara ya vitumbua, unaanza kurejesha kila wiki kabla vitumbua havijajua vimekopewa, na siku ya rejesho ukikosa wanakuja na kubeba runinga na mtungi wa gesi mbele ya watoto. Hapa kwetu siku hiyo mlango wa chumba cha nne unafungwa kwa nje, na mwenyewe yuko ndani kimya, na sisi tunaulizwa kaenda wapi. Tunasema msibani. Kwa hesabu zetu amekwisha kuzika ukoo mzima.

Na mikopo ya kwenye simu je? Hiyo haiji mlangoni, inakwenda kwa watu wako. Ukichelewa, ujumbe unamfikia shemeji, mchungaji, mwalimu wa mtoto: mwambieni ndugu yenu alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Tulishangilia, halafu mmoja wetu akauliza kwa sauti ndogo kama deni la iliyopigwa marufuku nalo limefutwa. Tukamcheka. Kumbe wengi tulikuwa tunalisubiri jibu.

Juu ya hayo yote kuna washauri. Asubuhi yupo mmoja kwenye redio anatuambia masikini ndiye anayelala saa nane nzima, amka, pambana, wenzako wako mbali. Jioni unafungua simu, yupo mwingine kakaa ufukweni na juisi, anakwambia maisha ni leo, tumia pesa ikuzoee. Wote wawili wameshiba. Hata wahenga hawakutusaidia: akiba haiozi, halafu papo hapo ponda mali kufa kwaja. Tunadhani wa kwanza alisema mjomba na wa pili akajibu mpwa, siku ile ile, wakigombania mbuzi mmoja.

Kijana wetu wa bodaboda, wa mkataba, hana muda hata wa washauri. Hesabu ya tajiri ni ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka mkataba uishe na pikipiki iwe yake. Chipsi mayai anakula kakaa juu ya pikipiki, helmeti begani, jicho barabarani. Akimaliza mkataba anasema atapumzika. Wa kwanza aliyemaliza hapa mtaani alipumzika siku mbili, akainunulia pikipiki betri na kuendelea, kwa kuwa pikipiki iliyokwisha mkataba ni pikipiki iliyokwisha mwili.

Tulipokuwa tunalalamika hivi yule mzee mbishi alikuwepo, kaegemea mlango wa saluni, maana hata yeye hana pa kukaa. Akatukatiza kama kawaida yake. Baraza msilisifie hivyo, akasema. Miaka ile tulikaa kwa sababu dukani hakukuwa na cha kununua. Sukari foleni, sabuni foleni, pesa unayo mfukoni na haina kazi. Na hata kukaa kwenyewe kulikuwa na hofu: mwaka 1983 ilipokuja Nguvu Kazi, asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alizolewa mjini akapelekwa shamba kama mzururaji. Tuliruka dirishani na kete mkononi. Serikali nzima ilitaka kutuondoa barazani ikashindwa, nyie mmeondolewa na saluni.

Hakuna aliyemjibu. Msusi akamwomba asogee, anazuia wateja.

Jumapili iliyopita tukasema basi, tusijipange tena, twendeni Chanika tukaione nyumba ya mwenzetu. Tulichanga nauli, tukabeba mchele na kuku wawili. Tulikaa chini ya mwembe juu ya tofali zilizobaki, mmoja akatoa drafti, mzee akabisha kwamba kuku wa Chanika hawana ladha huku akimalizia paja. Simu zililia, wengine wetu hatukupokea. Yule mama wa chumba cha nne alicheka mpaka khanga ikamdondoka, na ilikuwa siku tatu tu kabla ya rejesho.

Mwenyeji wetu akatupeleka mbele ya nyumba, akachora kwa mguu kwenye mchanga. Hapa, anasema, napiga baraza, kutoka kona hii mpaka ile, pana, la kuegemea. Nikistaafu mtanikuta hapa. Fundi alikuwepo, alikuja kudai pesa yake ya lipu. Akaupima ule mchoro kwa hatua, akaenda akarudi, akasema, "Bosi, barabara ikipita hapa si unatoa fremu mbili safi kabisa?"

Mwenzetu akautazama mchoro wake. Akamwuliza fundi fremu za huku zinapangishwa shilingi ngapi.