Kadi ya Messi haifungwi kama maandazi

STORI ya bei kila shabiki anaipenda. Agosti 2022 kadi ya mcheza besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani Marekani kwa Dola 12.6 milioni. Kwenye soka, wakusanyaji wanaisaka kadi ya Lionel Messi ya msimu wa 2004-05, iliyotolewa na Panini kwa Ligi ya Hispania wakati dogo ndio kwanza anaanza kuichezea Barcelona.

Bei hizo zimewaamsha wengi. Muuzaji anapiga picha kadi yake, anaiweka eBay, hela inaingia. Uzembe unaanzia hapo. Kadi aliyoisifia kwa maneno kibao anaitumbukiza kwenye bahasha nyembamba ya barua na kuipeleka posta. Ikifika imepinda, jibu lake ni moja: "Waulize posta."

Hapana, bwana. Biashara haiishi pale hela inapoingia. Inaisha pale mnunuzi anapofungua bahasha na kukuta kitu kilekile alichokiona kwenye picha.

Kadi ya kawaida ina upana wa sentimita 6.4 na urefu wa 8.9 tu. Thamani yake inabebwa na kona, kingo, uso wake na jinsi picha ilivyokaa katikati. Kampuni ya PSA ya Marekani huzipa kadi alama kuanzia 1 hadi 10. Kona moja ikichubuka, ile 10 imeondoka. Jezi ikikunjamana unaipiga pasi, lakini kadi iliyopinda ndio basi tena.

Posta wasisingiziwe kila kitu. Mashine za kuchambua barua zinapitisha bahasha kwenye mikanda na magurudumu kwa kasi. Kifurushi kinachotoka Chicago kuja Dar es Salaam kinabebwa, kinarushwa na kupangwa chini ya vingine mara nyingi. Muuzaji anayajua yote haya kabla hajafunga mzigo.

Na kufunga vizuri wala sio kazi ngumu. Kadi inaingia kwanza kwenye kimfuko cha plastiki laini, kisha kwenye kasha la plastiki ngumu. Kasha linafungwa ndani ya mfuko mwingine ili maji yasiingie, halafu linabanwa katikati ya vipande viwili vya boksi vilivyo vikubwa kuliko lenyewe. Mwisho ni bahasha yenye vipovu vya hewa, au boksi kama kadi ni ya bei mbaya. Selotepu isiguse kadi, na iachiwe ncha iliyokunjwa ili mnunuzi asihangaike na kisu. Kadi nyingi zimepona safarini zikaja kukatwa na mwenyewe akifungua.

Najua utetezi wa wauzaji: kadi nyingine ni ya dola moja, na gharama ya kuituma inazidi bei yake. Ni kweli. Lakini kipande cha boksi kinapatikana bure dukani kwa Mangi. Na kama gharama ni kubwa, iseme mapema kwenye tangazo, mnunuzi aamue mwenyewe. Kumficha halafu kumtumia kadi kama maandazi kwenye gazeti ni kumdharau.

Tena uzembe huo haumwokoi muuzaji. Utaratibu wa eBay unamruhusu mnunuzi kudai fedha zake mzigo ukifika umeharibika. Kwa hiyo muuzaji anapoteza kadi, hela na jina, kisa bahasha.

Mnunuzi naye asijisahau. Uliza mzigo utafungwaje kabla hujalipa. Kwa kadi ya bei kubwa, dai namba ya kuufuatilia na bima. Ukiupokea, rekodi video kuanzia bahasha ikiwa bado haijafunguliwa. Bila ushahidi, kesi yako itakuwa ya kupiga kelele tu.

Beki akimrudishia kipa pasi fupi ndani ya boksi, straika akainasa na kufunga, hatumlaumu straika. Muuzaji ndiye mwenye mpira wa kwanza. Kama anaona uvivu kutafuta kipande cha boksi, kadi abaki nayo kabatini kwake.