Tansio haipigi hodi: tupimwe tungali wazima

Mtu akianguka ghafla katika mitaa yetu ya Goma ama Bukavu, wengi husema amelogwa ama amepewa sumu. Huenda ni tansio, shinikizo la damu ambalo hakuwahi kulipima. Kulingana na OMS, duniani mtu 1 kati ya 3 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 ana ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui. Hauumi, ndiyo maana tunangoja. Kumbe kupimwa kunachukua dakika chache tu. Kipimo kikifika 140/90 zaidi ya mara moja, tumuone daktari. Tupunguze chumvi kwenye sombe, na anayemeza dawa asiache eti amepata nafuu. Matanga yanagharimu kuliko kipimo.