Umejuaje?

Katika muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili tulipewa zoezi dogo: kila mwanafunzi achukue picha moja ya zamani isiyo na maelezo, aandike ni picha ya nini, ya wapi na ya lini. Yangu ilikuwa ya gari. Gari lenyewe kioja: bodi ndefu kama mtumbwi, magurudumu manne membamba, wanaume wawili wamevaa kofia, na pale ambapo ningetarajia kuona buti palikuwa na pangaboi kubwa la mbao, kama la ndege.

Kazi ile niliimaliza kwa dakika tatu. Niliiingiza picha kwenye programu ya kutafuta picha, ikanijibu: Leyat Hélica, Ufaransa, 1921. Nikaandika hivyo hivyo, nikaongeza aya moja ya historia, nikalala usingizi mnono. Karatasi ilirudi ikiwa na neno moja tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Umejuaje?"

Nilikasirika. Nilijuaje? Si nimeambiwa! Kwani watu hujuaje mambo siku hizi? Nilikaa na hasira hiyo siku mbili nzima, na siku ya tatu nikaitazama picha kwa mara ya kwanza. Naandika kulitetea swali lile la wino mwekundu dhidi ya wote wanaoliona la kuudhi, nikiwamo mimi wa wakati ule.

Tuanze na Hélica, maana ndiyo inayosingiziwa kila kitu chenye rafadha na magurudumu. Marcel Leyat alikuwa mhandisi Mfaransa, mzaliwa wa mji wa Die, aliyeanzia kwenye ndege kabla ya kuingia kwenye magari. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na ukiisikiliza ina mantiki: ikiwa rafadha inaivuta ndege angani, itashindwaje kulivuta gari barabarani? Na ikilivuta, basi huhitaji klachi, huhitaji giaboksi, huhitaji difu. Kati ya 1919 na 1925 alitengeneza magari yapatayo 30 tu. Bodi ilikuwa ya plaiwudi, abiria alikaa nyuma ya dereva kama katika ndege ndogo, usukani uligeuza magurudumu ya nyuma, na mbele kabisa, mbele ya pua ya dereva, ilizunguka rafadha ndani ya duara la kinga. Mwaka 1927 mojawapo lilikimbizwa katika uwanja wa mashindano wa Montlhéry, nje ya Paris, likafikia takriban kilomita 170 kwa saa.

Rudia kusoma sentensi moja tu hapo: rafadha ilikuwa mbele. Katika picha yangu ilikuwa nyuma. Wanaume wale wawili walikuwa wameipa mgongo. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Mimi mwenye shahada ya kwanza sikuliona, kwa sababu sikutazama. Nilikuwa nimeshapewa jina, na mtu akishapewa jina macho hustaafu.

Nikiwasimulia wenzangu kisa hiki, jibu la kwanza huwa ni kicheko, na la pili ni hili: "Sasa hilo nalo ni neno? Gari la kichekesho la miaka mia iliyopita, liwe Hélica au lisiwe, nani anaumia?" Ni swali halali, na nalijibu kwa kumtaja mtu.

Valerian Abakovsky alizaliwa 1895, akafanya kazi katika Urusi ya mapinduzi, akabuni behewa la reli linalosukumwa kwa injini ya ndege na rafadha. Waliliita Aerovagon. Tarehe 24 Julai 1921 behewa lile lilitoka Moscow kwenda Tula likiwa limebeba kundi la wakomunisti, wakiwamo wageni kutoka nje ya nchi. Kwenda walifika salama. Wakati wa kurudi Moscow liliacha reli likiwa katika mwendo mkali. Watu kadhaa walikufa, mmoja wao Fyodor Sergeyev, mwanasiasa mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Artyom, na mwingine Abakovsky mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 25. Amezikwa kwenye ukuta wa Kremlin.

Nimekutana na picha ya chombo kilichomuua kijana huyu ikiwa kweli ni picha ya kitu kingine kabisa: Schienenzeppelin, behewa la Mjerumani Franz Kruckenberg, lenye umbo la risasi, lililotengenezwa 1929, miaka minane baada ya Abakovsky kuzikwa. Behewa la Kruckenberg halikumuua. Lilifanikiwa: tarehe 21 Juni 1931 lilikimbia kilomita 230 kwa saa kwenye njia ya reli kati ya Hamburg na Berlin. Kwa hiyo anayeibandika picha ile juu ya kifo kile anafanya makosa mawili kwa mpigo. Anamnyang'anya Kruckenberg ushindi wake, na anamfanya Abakovsky aliyefia kwenye behewa lake aonekane kafia kwenye chombo cha kisasa, kinachong'aa, ambacho hakuwahi kukiona. Nani anaumia? Marehemu hawaumii, nakubali. Lakini sisi tunaotaka kuelewa kwa nini walikufa ndio tunaodanganywa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoidharau hawajawahi kuiona ikifanywa. Kuitambua picha si kukumbuka jina. Ni kuondoa majina yasiyowezekana, moja baada ya jingine, mpaka yabaki machache au lisibaki hata moja.

Swali la kwanza ni rafadha iko wapi: mbele ikivuta, au nyuma ikisukuma? Hilo peke yake linaondoa nusu ya majibu. Swali la pili ni idadi ya mapanga yake, lakini hapo tahadhari. Schienenzeppelin lilikuwa moja tu duniani, na mwanzoni rafadha yake ilikuwa na mapanga manne, baadaye mawili. Ukiona picha mbili, moja ya mapanga manne na nyingine ya mawili, ukatangaza kwamba hayo ni mabehewa mawili, umekwisha. Kinachotofautiana ni tarehe. Mtazamaji wa haraka anaona vyombo viwili, mtazamaji mvumilivu anaona chombo kimoja na mabadiliko yake.

Swali la tatu: picha imegeuzwa? Negativu za vioo zilichapwa kinyume mara nyingi tu, kushoto ikawa kulia. Kwa gari la kawaida ungeangalia upande wa usukani. Kwa Hélica haikusaidii, kwa sababu dereva yuko peke yake katikati. Inabidi usome maandishi ya maduka nyuma ya gari, au uangalie magari mengine yanapita upande gani wa barabara. Kama kuna kibao cha namba, una bahati: Ufaransa ilibadilisha mfumo wake wa namba za magari 1928, hivyo kibao kinaweza kukwambia kama uko kabla ya mwaka huo au baada yake. Kama picha ilitoka kwa wakala wa habari wa Paris wa zama zile, kama Rol au Meurisse, huenda negativu yake imo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ikiwa na namba na maneno machache ya mtu aliyekuwapo.

Swali la nne ni gumu kuliko yote: unachokitazama ni kitu cha zamani, au ni kitu cha zamani kilichotengenezwa upya? Katika jumba la makumbusho la Lane Motor Museum, huko Nashville, Marekani, kuna gari la rafadha liitwalo Helicron, la mwaka 1932, lililopatikana mwaka 2000 baada ya kupotea machoni pa watu kwa miaka mingi. Ni gari halisi. Lakini injini inayoliendesha leo ni ya Citroën GS, gari lililoingia sokoni 1970. Ukiichapa picha yake kwa rangi nyeusi na nyeupe, ukaipaka uzee kidogo, kila mtu atasema ni ya 1932. Anayejua injini atacheka. Na Hélica nazo zina nakala zilizoundwa upya baadaye na mafundi wanaozipenda, hivyo hata jibu "Hélica" likiwa sahihi bado halijamaliza kazi. Hélica ipi?

Kwa maswali hayo nilirudi kwenye picha yangu. Rafadha nyuma: Hélica nje. Helicron nje pia, kwani nayo inavutwa kutoka mbele. Nikamfikiria Sizaire-Berwick wa 1915, gari la Waingereza la vita vya kwanza vya dunia, lililowekewa injini ya ndege na rafadha nyuma kwa matumaini ya kulitumia jangwani. Lakini lile ni gari la vita, na katika picha yangu hakuna bunduki, hakuna sare, wala bodi haifanani. Nje. Baada ya vita vile injini za ndege zilikuwa nyingi na bei yake ilishuka, na mafundi wa nchi nyingi walijaribu bahati yao nyuma ya nyumba zao. Yangu inaweza kuwa ya mmoja wao. Hapo ndipo ushahidi wangu ulipoishia, na hapo ndipo nilipopaswa kuishia na mimi.

Wapo watakaosema: jina lenye makosa ni afadhali kuliko kukosa jina, kwa kuwa makosa yatasahihishwa na wajao. Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inasikika kama unyenyekevu na kumbe ni uvivu. Wajao hawasahihishi, wajao wananakili. Mimi nilinakili jibu la programu, na programu ilijifunza kutoka kwa maelezo yaliyoandikwa na watu chini ya picha, na watu wale nao walinakili kwa mtu. Kesho kazi yangu ingewekwa mtandaoni, na programu ingeisoma kama shahidi mpya. Mashahidi kumi, wote wakiwa wamemsikia mtu yule yule mmoja, ambaye alikuwa akibahatisha. Kijijini tunaita hivyo uvumi. Chuoni tunaweka tanbihi chini yake tunauita ujuzi.

Wala siichukii programu. Ilinionyesha magari yanayofanana na langu, na huo ni mwanzo mzuri wa kazi. Kosa langu lilikuwa kuuchukua mwanzo nikaukabidhi kama mwisho. Na kosa hilo tulilijua hata kabla ya kuwa na kompyuta.

Nyumbani kwetu kuna picha ya babu amesimama wima, kaptura ya kaki, kofia, kijiti mkononi. Sisi wajukuu tulikua tukisema babu alikuwa askari wa KAR na alipigana Burma. Tuliwasimulia marafiki. Binamu yangu aliliandika katika insha ya shule. Likizo iliyofuata baada ya lile neno la wino mwekundu nilimwekea shangazi picha mapajani nikamuuliza, tumejuaje? Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, baba yangu hajashika bunduki maisha yake. Hiyo sare ya reli. Na hicho si kijiti, ni bendera ya kuruhusia treni, kaikunja." Niliinamia picha. Ilikuwa bendera. Kitambaa kilionekana, mikunjo ilionekana, miaka yote ilikuwa inaonekana. Tulimpa babu vita ambavyo hakupigana, tukamnyang'anya maisha ya kazi aliyoifanya kweli, alfajiri baada ya alfajiri, mvua na jua. Na tulifanya hivyo kwa mapenzi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kubishania magari ya pangaboi ni mchezo wa wasio na kazi, namkubalia kwamba ni mchezo. Ni mchezo mzuri wa kujizoeza, kwa sababu gari la pangaboi halina ndugu watakaokasirika, wala chama, wala kabila. Hakuna anayekulazimisha useme unachotaka kusikia. Ukishindwa kusema "sijui" mbele ya gari la plaiwudi, utaweza kweli kulisema mbele ya picha ya maiti, ya mkutano wa siasa, ya mtuhumiwa? Picha hizo zinatufikia kila siku kwenye simu zetu, zikiwa na jina tayari, na tunazipeleka mbele kabla chai haijapoa.

Zoezi langu nililirudisha kwa mara ya pili likiwa na mistari hii: "Gari la magurudumu manne, rafadha ya mbao nyuma, bodi nyembamba, watu wawili. Si Leyat Hélica, kwa kuwa rafadha ya Hélica iko mbele. Si Sizaire-Berwick la 1915, kwa kuwa halina silaha na bodi ni tofauti. Mtengenezaji, mahali na mwaka: havijatambuliwa." Ni fupi kuliko kazi ya kwanza, na ilinichukua wiki tatu badala ya dakika tatu.

Picha bado ninayo, imebandikwa juu ya meza yangu. Ukilijua gari lile, tafadhali niambie, nitafurahi sana. Ila ujiandae, nitakuuliza umejuaje.