BARAZA SI DUKA



Ugomvi wa mpaka wa shamba ukiachwa huzaa vita. Mwaka 2023 tuliona Wambole na Walengola wakiuana Lubunga, mjini Kisangani, kwa sababu ya ardhi.

Mabaraza ya kimila yalitungiwa sheria na Wabelgiji tarehe 15 Aprili 1926. Sheria yetu ya 11 Aprili 2013 imeyaacha yahukumu mpaka tribinali ya amani ifunguliwe mahali pao.

Basi tunasema: wazee wapatanishe mapema, mbele ya watu wote, na hukumu iandikwe. Asihukumu mzee aliyekwisha kupokea mbuzi. Damu ikimwagika, kesi iende kwa hakimu wa serikali.

Haki inayouzwa si haki. Tuidai bila woga!