Mara na somo la maji: Darasa lihamie ziwani

Na Mwandishi Wetu, Bunda

MACHI 2022, maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele, ambayo ilieleza kuwa kinyesi na mikojo ya mifugo, pamoja na mimea iliyooza, ndivyo vilivyomaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuamini. Walikwisha kuinyooshea kidole migodi ya dhahabu.

Nani alikuwa sahihi katika ubishi ule ni suala jingine. Linalostahili kutazamwa ni kwamba upande mmoja tu ndio uliokuwa na vipimo. Wavuvi na wanywaji wa maji hayo walibaki na macho na pua zao.

Mto huo humwaga maji yake Ziwa Victoria, ziwa lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800. Mji wa Bunda, ilipo kata ya Manyamanyama, huvuta maji ziwani humo kupitia Nyabehu. Hata hivyo, mwanafunzi wa kata hiyo hujifunza habari za maji ubaoni.

Njia nyingine imekwisha kuonekana jirani. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takataka za plastiki na kandambili chakavu chini ya fundi Ali Skanda na kuzinduliwa mwaka 2018, lilianza safari Kisumu Machi 2021 na kulizunguka ziwa katika nchi zote tatu, likihubiri dhidi ya plastiki. Mahubiri hayo yalikuwa na msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, sangara na sato, walionunuliwa Mwanza.

Lakini jahazi la ujumbe hupita likaenda zake. Huko Suttons Bay, jimbo la Michigan nchini Marekani, taasisi ya Inland Seas Education Association imekuwa ikiwapandisha wanafunzi katika merikebu ya matanga tangu mwaka 1989. Wanafunzi wenyewe huvuta wavu, huchota tope la chini, hupima oksijeni na kuchungulia viumbe kwa hadubini.

Mara haihitaji merikebu. Mtumbwi mkubwa wa tanga, uliokaguliwa, ungetosha kuanzia. Sahani ya Secchi, yenye rangi nyeupe na nyeusi, hushushwa kwa kamba; inapopotea machoni, urefu wa kamba ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Fundi bati yeyote wa Bunda anaiweza. Kipima oksijeni ndicho ghali, ingawa kimoja kingehudumia shule kadhaa kwa zamu.

Kikwazo kikubwa ni hofu, nayo ina sababu. Wazazi hawajasahau Mv Bukoba mwaka 1996, wala Mv Nyerere mwaka 2018. Bila maboya ya kuvaa kwa kila mtoto, idadi isiyozidi uwezo wa chombo na ukaguzi wa Tasac, hakuna mzazi anayepaswa kulaumiwa kwa kukataa.

Wataalamu wapo: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (Tafiri) ina vituo Mwanza na Sota, wilayani Rorya. Halmashauri zingeweza kuanza na Kirumi, kwa kupima oksijeni kabla ya masika na baada ya mto kusomba samadi ya malishoni, kisha kubandika matokeo mwaloni.