Chombo Hakina Jinsia

Wapo wasemao kwamba saksafoni ni chombo cha ashiki, tena cha wanaume. Nawauliza: shaba imeota ndevu lini?

Mwanzoni mwa karne ya 20, Bibi Elise Hall wa Boston, Marekani, alimlipa Claude Debussy, mtunzi maarufu wa Ufaransa, amwandikie muziki wa saksafoni na okestra. Debussy alizipokea fedha, kisha akaichelewesha kazi miaka na miaka. Bibi huyo alipopiga Paris mwaka 1904, Debussy aliona ni kichekesho mwanamke mwenye gauni la waridi kupuliza dude kama lile! Debussy alifariki mwaka 1918. Roger-Ducasse akaikamilisha kazi, ikapigwa Paris mwaka 1919. Mpulizaji alikuwa mwanamume. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aliyelipia uundaji hutajwa na wachache.

Kisha kuna hiyo ashiki. Katika opera ya Lulu, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1937, Alban Berg aliitumia saksafoni katika kisa cha mwanamke anayetamaniwa na wanaume, na hata na mwanamke mwenziwe. Simlaumu Berg, mtunzi huchagua sauti ifaayo kisa chake. Nawalaumu wasikilizaji wanaompaka rangi ya kisa hicho kila mwanamke aliyeshika saksafoni. Mwanamume akipuliza, husifiwa pumzi na vidole. Mwanamke akipuliza, hutazamwa midomo na gauni.

Nami sijitoi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, msichana mmoja aliomba kufundishwa saksafoni ya bendi yetu. Nikamwambia, "Binti yangu, hiyo haikufai. Jiunge na kwaya." Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka. Nilidhani namstahi. Kumbe nilikuwa nafuata nyayo za Debussy, tena bila kipaji chake.

Mwaka 2016 binti wa Kiingereza, Jess Gillam, alikuwa mpiga saksafoni wa kwanza kufika fainali ya shindano la BBC la wanamuziki vijana. Nilipopata habari hiyo nilimkumbuka yule msichana wangu, nikaona haya uzeeni.

Walimu wenzangu, funguo za kabati la ala mnazo ninyi. Mwanafunzi akiomba chombo, mpimeni pumzi na bidii. Mengine hayawahusu.