Shinikizo la Juu la Damu: Madhara Huanzia Kwenye Kuta za Mishipa

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Mei 17, dunia huadhimisha Siku ya Shinikizo la Juu la Damu, na hapa nchini upimaji hufanyika pia katika maadhimisho ya Wiki ya Magonjwa Yasiyoambukiza mwezi Novemba. Wananchi wengi hujitokeza kupima. Swali la msingi ni hili: mtu anayeambiwa kuwa shinikizo lake limepanda, ilhali hahisi maumivu yoyote, hufanya nini anaporejea nyumbani?

Wapo wanaoanza dawa na kuziacha baada ya wiki chache kwa kujiona wamepona. Hatari ya uamuzi huo huonekana pale mtu anapofahamu kinachotokea ndani ya mishipa ya ateri, inayosafirisha damu kutoka kwenye moyo kwenda sehemu zote za mwili.

Ukuta wa ateri una tabaka tatu. La ndani ni utando mwembamba unaogusana na damu na kutoa kemikali zinazousaidia mshipa kulegea. La kati lina misuli na nyuzi zinazonyumbuka, hivyo mshipa hutanuka moyo unaposukuma damu na kurejea katika hali yake moyo unapopumzika. La nje huupa mshipa uimara.

Shinikizo linapobaki kwenye 140 kwa 90 au zaidi kwa muda mrefu, utando wa ndani hudhurika. Lehemu hupenya na kujikusanya ukutani, na njia ya damu hupungua. Misuli ya tabaka la kati nayo huongezeka unene ili kuhimili msukumo, huku nyuzi zinazonyumbuka zikikatika na nafasi yake kuchukuliwa na nyuzi ngumu. Mshipa uliokakamaa hauwezi kupokea vyema msukumo wa moyo, hivyo shinikizo huzidi kupanda. Tatizo hujilisha lenyewe.

Mabadiliko hayo hayaumi. Hujulikana pale mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka na kusababisha kiharusi, moyo unapokosa damu ya kutosha, au vichujio vya figo vinapoharibika. Wakati huo gharama huwa kubwa. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida huhitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na familia humpoteza mtu aliyekuwa akizalisha kipato.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu wazima bilioni moja duniani wanaishi na tatizo hili, na karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Kwa msingi huo, kupima ni hatua ya kwanza tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwondolea mwananchi kikwazo cha fedha anapohitaji huduma. Hata hivyo, mafanikio yake kwa ugonjwa huu yatategemea mambo mawili: dawa kupatikana wakati wote katika vituo vya afya vilivyo karibu na wananchi, na mgonjwa kuzitumia bila kukatisha. Bima inayolipia zaidi matibabu ya kiharusi na figo kuliko dawa za kila siku itaelemewa.

Mwananchi naye ana wajibu. WHO inashauri mtu mzima kutumia chumvi chini ya gramu tano kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo katika vyakula vilivyosindikwa. Kufanya mazoezi, kuacha tumbaku na kupunguza pombe na uzito navyo husaidia.

Vipimo vinaporejea katika kiwango kinachotakiwa, maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi. Si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha. Uamuzi wa kupunguza au kubadilisha dawa ufanywe na mtaalamu wa afya, kwa kuwa mshipa uliokwisha kukakamaa ni vigumu kuurejesha katika hali yake ya awali.